Kahawa Aliyoiweka Mfukoni

Kisiwani, Muleba

Kwako mdogo wangu Kamugisha,

Habari za hapo Rubafu, habari za migomba, na lile goti lako la kulia linasemaje? Kama bado linauma, pole. Kama limepona, vizuri, maana barua hii utaisoma umesimama. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini akina mama wa dagaa bado wananiita kijana, na wengine hawatanii.

Nakuandikia kwa sababu simu unaikata. Jana nimepaza sauti kidogo tu, ukakata. Nikapiga tena, ukazima. Haya, barua ikate. Shule sikuiona hata mlango, herufi hizi ni zile za katekista wakati wa mafundisho ya komunio, lakini hasira inaandika vizuri kuliko mwalimu.

Uliniambia hivi, na mpaka sasa inanichoma hapa kifuani: "Misa ya shukrani ni ya nyumba yetu. Njoo peke yako, usituletee yule mtu wa dagaa." Ukaongeza kwamba hana kibanja cha migomba, hana ubatizo, na kwamba kahawa aliiweka mfukoni. Kamugisha, jina lako maana yake ni baraka, lakini jana ulikuwa ugonjwa.

Misa yenyewe unamshukuru Mungu kwa nini? Si kwa sababu nimetoka ziwani nikiwa hai? Sasa nilitokaje? Nilipaa? Ngoja nikusimulie mwenyewe, maana naona umesimuliwa na watu wasiojua kusimulia.

Tulikuwa tunarudi kisiwani asubuhi, tumetoka ng'ambo kuchukua nyavu za kushona. Upepo ukaja. Wimbi la kwanza lilikuwa na urefu wa mnara wa kengele wa parokia. Nikalitazama, likaona aibu, likapita pembeni. Lililofuata nikalipiga kifua. Lile lililotupindua lilitokea mgongoni kama mwizi. Lingenijia mbele lisingeniweza, na wewe unajua.

Hapo ndipo Mashauri, huyo mtu wako wa dagaa, Mjita wa Musoma anayeshika injini ya mtumbwi wetu, aliponidaka mkanda wa suruali. Mimi naogelea kuliko fisi maji, ila siku hiyo nilikuwa na koti zito. Akanifunga kwa kamba ya nyavu juu ya mtumbwi uliopinduka, yeye mwenyewe akabaki majini anang'ang'ania ubao kwa vidole. Rozari yangu ilikuwa imekwenda na maji. Nikasali Salamu Maria kwa kuhesabu vidole vyake, maana vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia na Mama Maria. Akasema basi mwambie asukume upande wa kushoto.

Usicheke. Alisukuma. Maji yakatutupa kwenye mawe, pale ambapo hata ndege hawakai. Jua limetoka lakini tunatetemeka, tumbo tupu, na hakuna mtumbwi unaopita. Mashauri akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kifundo cha nailoni. Ndani yake, kahawa ya kutafuna. Ile ile, Kamugisha. Ile aliyopewa na mke wako Krismasi, aliponileta nyumbani nikiwa naumwa. Ninyi mlingoja achukue, atafune, asifu kama mgeni wa Kihaya. Yeye akaifunga kwenye nailoni, akaitia mfukoni. Mkacheka mpaka kuku wakatoka jikoni. Wewe ukauliza kama kwao wanaiba hata ukarimu. Na tangu siku hiyo kila lubisi ya ndizi ikinywewa kwako, hadithi ni hiyo.

Nikamuuliza pale jiweni, meno yananigongana, kwa nini hakuitafuna siku ile.

"Mama yule alipiga magoti akanipa kwa mikono miwili," akasema. "Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipigia magoti, mzee. Ningetafunaje mbele yake kama karanga?"

Nyingine zilikuwa zimeharibika kwa maji. Limebaki tunda moja zima. Akalipasua kwa meno, punje mbili, yake moja na yangu moja. Tukatafuna. Jioni ndipo mtumbwi wa wavuvi ulipotuona ukatuchukua.

Wewe ulikaa miguuni kwa babu kama mimi nilivyokaa. Watu wawili wakigawana tunda moja la kahawa, kila mtu punje yake, kitendo hicho babu alikuwa anakiitaje? Omukago. Undugu wa kuchanjiana damu, usiofutika. Na damu ilikuwepo, vidole vya Mashauri vilikuwa vimechunika vyote. Yeye mwenyewe hajui. Anadhani alikuwa ananipa chakula.

Halafu wewe unanifundisha kushukuru! Sisi Wahaya tukishukuru tunasemaje? Wakola. Yaani umefanya kazi. Nani alifanya kazi siku ile? Mungu, ndiyo, sikatai. Kila asubuhi nikifumbua macho naanza na yeye. Namwambia wakola kwa pumzi, kwa mabati haya yasiyovuja, kwa samaki na uji, na kwa roho yangu, ambayo ilitaka kuondoka bila kitubio, na hilo ndilo liliniogopesha kuliko mawimbi yote. Lakini siku ile Mungu alikuja na mikono ya Mjita. Sasa wewe unataka umwambie wakola kanisani, halafu mikono yake uiache nje ya uzio na mbwa?

Eti hana kibanja. Wewe kibanja ulikiumba? Ulikikuta. Baba naye alikikuta. Migomba ilipandwa na watu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Yote tumepewa, na wewe umepewa zaidi kwa sababu mimi nilikuja huku ziwani nikakuachia. Mtu aliyepewa hivyo halafu anambagua mwenzake mlangoni, hajashukuru. Anajisifu tu, na kazi ya kujisifu katika ukoo huu ni yangu.

Msalimie shemeji yangu Ma Justina. Mwambie Krismasi ile, katika nyumba yote, ni yeye tu aliyesali, pale alipopiga magoti na kikapu cha kahawa. Msalimie shangazi yetu Ma Teodora, anitunzie matusi yake, nayafuata. Na katekista mzee umwambie herufi zake bado zinafanya kazi.

Jumamosi ya misa tutashuka wawili. Usimwandalie Mashauri kiti cha mgeni, mwandalie cha ndugu, hapo hapo pembeni yangu. Ukikataa, misa isomwe na mbuzi aliwe, lakini aliyeokolewa atakuwa huku kisiwani anakula dagaa na aliyemwokoa. Na akipewa kahawa akaitia tena mfukoni, mtu asicheke. Safari ile alikuwa ananiwekea mimi. Safari hii huenda anakuwekea wewe.

Ni mimi kaka yako Ishengoma. Nguo zimekauka, hasira bado mbichi.