Vitanda Juu, Wakwe Chini

Kasongo, Alhamisi. Mvua imeshika tangu asubuhi, na mabati yanapiga kelele mpaka tunasemeshana kwa mikono. Nami nina furaha, niseme tu ukweli.

Mvua za mwaka jana ziliingia katika wodi yetu ya wazazi, maji yakafika kwenye magodoro. Kwa hiyo mwaka huu daktari aliamua kwamba mvua kubwa zikikaribia, wajawazito wote warudi makwao. Mimi ni msaidizi wa mkunga tu, lakini nilimwomba aniache niiandae wodi. Nilikuwa namfikiria Mwajuma. Ametoka mbali, Kabambare, na ameshazika watoto wawili waliozaliwa njiani. Umrudishe barabarani na tumbo lile?

Daktari akakubali, kwa kununa.

Basi tukainua vitanda juu ya matofali. Dawa na bandeji zikapanda rafu ya juu, maji safi tukayafunika kwenye mapipa. Nikajiona fundi. Halafu nikainama kufagia, nikamkuta mama mkwe wa Mwajuma amelala chini ya kitanda, kama ndugu wa wagonjwa wote wanavyolala hapa. Tumewaokoa wagonjwa, tumewaacha wanaowauguza wazame! Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Nikawaambia ndugu hao wazi, maji yakiingia, nyinyi ndio wa kwanza kuzama. Mama mkwe akajifunga kitenge vizuri, akauliza, "Majembe iko wapi?"

Wakachimba mtaro kuizunguka wodi nzima, na udongo wakaupandisha kuwa tuta, kama wanavyofanya kwenye mihogo yao. Nilichimba nao. Viganja bado vinawaka.

Leo maji yameteremka kwa hasira. Yamefika kwenye tuta, yakageuka, yakafuata mtaro. Hakuna hata mkeka mmoja ulioloa.

Mchana Mwajuma amejifungua mtoto wa kike. Analia kuishinda mvua. Nimelia pia, na sijali nani ameniona.

Ndipo daktari akaja mbio kutuhamisha, matope mpaka magotini. Mama mkwe akamzuia mlangoni, mjukuu mkononi.

"Munganga, ngoja. Toa kwanza buti. Humu ndani iko kavu."

Hakuna anayesema hivyo na daktari.

Akachungulia sakafu, akainama, akazivua. Daktari mzima akaingia wodini kwetu peku, kumwona mtoto.

Mvua, kesho rudi ukitaka.