Joto Ambalo Sikulipima

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua imegoma kunyesha. Miguu inaniuma, macho yanawaka, na nikiulizwa leo nimefanya kazi gani, jibu ni fupi: nimerudisha watu nyumbani.

Niandike tu yote. Nikilala nayo yataniamsha.

Shule yetu imetutoa sisi wa kidato cha sita kwa wiki tatu tukajifunze kazi kwa vitendo. Wenzangu wengi walibaki Tarime mjini, wawili wakapelekwa Kewanja. Mimi nikaangukia huku Serengeti, Kenyamonta, ofisi ya mifugo, kwa sababu shangazi anaishi hapa na shule ilitaka kila mtu awe na pa kulala. Nilikuwa nimeomba benki. Nikaletwa kwenye mavi ya ng'ombe.

Msimamizi wangu ni afisa mifugo, Madam Rhobi. Ni mama mfupi, haongei sana, na anavaa gambuti hata siku ya jua kali. Siku ya kwanza alinikabidhi kazi zangu: kufagia ofisi, kuandika majina ya wafugaji na idadi ya ng'ombe wao, na kupima joto la friji ya chanjo saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, kisha kuliandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji.

"Mimi nashinda vijijini," aliniambia. "Nikirudi sikisii. Nasoma ulichoandika wewe."

Nikasema sawa, Madam. Kusema sawa ni rahisi.

Jumanne nilichoka. Kutoka kwa shangazi hadi ofisini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kabla ya hapo ninakuwa nimeshachota maji. Saa saba mchana nilikuwa peke yangu, hakuna mfugaji hata mmoja aliyekuja. Siku zote kipimajoto kilisoma nne au tano. Nikachukua kalamu, nikajaza ya saa kumi: nne. Nikafunga mlango, nikaenda kulala.

Namba moja tu.

Jana jioni mama anayeuza maandazi jirani na ofisi alikuwa analalamika kwamba Jumanne umeme ulikatika mchana, muda mfupi baada ya mimi kuondoka, ukarudi ilipokaribia saa kumi. Nikaikumbuka ile nne niliyoandika. Asubuhi ya jana kipimajoto kilikuwa kimesoma tano, ndiyo maana sikushtuka. Lakini katikati ya hapo friji ilifika ngapi? Hakuna anayejua. Aliyetakiwa kujua alikuwa amelala kwa shangazi yake.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya chanjo ya homa ya mapafu.

Sikumwambia Madam jana. Alikuwa vijijini, lakini namba yake ninayo; hiyo si sababu. Nilijiambia labda dawa haijaharibika kwa joto. Nilijiambia hivyo mpaka asubuhi.

Tulipofika kwenye josho, ng'ombe walikuwa wameshajaa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Magige, aliyetoka kwake na kundi lake kabla hakujapambazuka. Mwaka jana ugonjwa huo ulimuulia ng'ombe wanne. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa naandika jina lake, akiwataja kwa rangi zao: mweusi, wekundu wawili, na yule wa mabaka aliyeacha ndama. "Leo nitapumua," akasema.

Madam alikuwa ameshasoma karatasi yangu ofisini, akaridhika, akapanga chupa za chanjo kwenye boksi la barafu. Ng'ombe wa kwanza akaingizwa kwenye kibanio, kile kichochoro cha miti cha kumzuia asigeuke. Madam akavuta dawa kwenye sindano.

"Madam, usichome."

Sikujua kama nimesema kwa sauti mpaka aliponigeukia. "Kuna nini?"

"Jumanne jioni sikupima. Niliandika tu. Na umeme ulikatika."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliweka sindano chini, akaenda pembeni kupiga simu wilayani, akarudi. "Haitumiki hii. Watatuma nyingine, hawajui lini." Kisha akanionyesha watu kwa mkono. "Waambie wewe."

Nikawaambia. Nilisema nilivyofanya bila kupamba. Mwanamume mmoja nyuma akafoka kwamba wanachezewa na watoto wa shule. Wengine walisema kwa Kingoreme, lugha ya huku, maneno ambayo Kikurya changu kiliyaelewa vizuri tu.

Mzee Magige hakupiga kelele.

"Binti," akasema, "ungenyamaza ingekuwaje?"

"Ungerudi nyumbani ukiamini wamechanjwa, tata. Kumbe pengine bado," nikamjibu, nikimwita baba kwa Kikurya.

Akachukua fimbo yake. Kisha akapiga mluzi, akawageuza ng'ombe wake, akaondoka. Hakuniaga.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba labda dawa ilikuwa nzima. Ningepima saa kumi, ningepata jibu, liwe zuri au baya. Kama ni baya, Madam angejua Jumanne ileile na watu wasingetembea bure. Kama ni zuri, ng'ombe wa mzee Magige wangekuwa wamechanjwa sasa hivi. Tumemwaga chanjo ambayo hatujui kama ilikuwa nzima au imeharibika.

Jioni nikamuuliza Madam kama nifungashe nirudi shule.

"Urudi, halafu ambao hawakuja leo awaeleze nani?" akasema, akivua gambuti. "Kesho tunapita kwenye maboma ya wafugaji. Utaongea wewe."

Tutaanza kwa mzee Magige, kwa sababu aliondoka kabla Madam hajaeleza dalili za kuangalia wakati tunasubiri chanjo nyingine: ng'ombe anayekohoa, anayepumua kwa shida, anayejitenga na wenzake.

Nimechoka hadi kwenye mifupa, na safari hii siwezi kuondoka mapema.

Kesho nitamwamkia mzee Magige shikamoo. Asipoitikia, bado nitatakiwa kusimama pale pale mbele yake, nimweleze dalili hizo moja baada ya nyingine, hadi nimalize. Je, nitamaliza?