Daftari la Zuhura

Mke mwenzangu Salma,

Pokea salamu za Magomeni. Sote tu wazima, mikorosho ya shamba letu la Mahurunga imeanza kutoa maua, na babu yako anakutaja wewe tu mpaka nanuna.

Umeniuliza kama nami niliwahi kumwonea mtu wivu kazini. Zuhura! Tulikuwa naye kituo cha utafiti wa korosho, tukichambua mavuno kwa programu ya takwimu kwenye kompyuta. Mimi nakwama, yeye kila amri anaijua. Nikaamini ameziandika zote kwenye daftari lake. Siku moja alipokwenda kuswali adhuhuri, nikalifungua. Lilikuwa na mstari mmoja tu: "Andika alama ya kuuliza, kisha jina la amri." Nikajaribu kwenye kompyuta yangu. Ukurasa wa maelezo ukafunguka, na mifano chini yake.

Zuhura akanikuta nalo mkononi.

"Si ungeniuliza tu, dada?"

Miaka miwili tulikaa chumba kimoja cha ofisi, nami sikuwahi kumuuliza chochote. Wewe unauliza waziwazi, tena kwa barua. Hata kwa hilo, mke mwenzangu, nakuonea wivu.

Bibi yako,
Somoe