Kikao cha Dharura Kuhusu Maelezo Yaliyofutwa Kwenye Mashine ya Kutotolea

KAMATI YA USHIRIKA WA WAFUGAJI KUKU
Tarehe: Alhamisi, tarehe 14
Mahali: Chumba cha mashine, kwa kuwa Mwangalizi wa Mayai alikataa katakata kutoka humo
Waliohudhuria: Mwenyekiti; Mwangalizi wa Mayai (mjane wa Marehemu Fundi); Fundi mpya wa kompyuta (mkwe wa Mwenyekiti); Katibu
Hakuhudhuria: Mweka Hazina (yuko njiani tangu saa 8)

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri, akaomba watu wakae. Viti vilikuwa viwili. Alieleza kwamba mayai 840 ya wanachama yako siku ya kumi na tisa na yanatarajiwa kuanguliwa keshokutwa.

KUMB. NA. 2/14: HALI YA MASHINE
Mwangalizi alieleza kwamba tangu jana asubuhi mayai hayana joto lake mkononi, na kwamba alimpigia Fundi simu mara nne. Fundi alikumbuka mbili. Mwangalizi aliingiza kipimajoto cha zebaki ndani ya mashine. Kilisoma nyuzi 36.5. Kioo cha mashine kilionyesha 37.5.

KUMB. NA. 3/14: MAELEZO YA FUNDI
Fundi alieleza kwamba Jumatatu aliweka programu ya kurekebisha joto kwa simu. Programu hiyo hutumia maktaba ndogo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, kusoma faili la mipangilio na kuliandika upya. Mistari inayoanza na alama ya reli (#) ni maelezo ya binadamu kwa binadamu, si amri kwa mashine. Maktaba huiruka inaposoma, na inapohifadhi huandika takwimu tu, maelezo yakapotea. Jumanne jioni alikuta "joto = 38.5" bila neno lolote, akadhani ni kosa, akaweka 37.5.

Mwangalizi alisema marehemu mumewe aliandika juu ya mstari huo kwamba kipimajoto cha mashine huzidisha nyuzi moja.

"Mume wangu alikuwa anaongea na nyinyi humo. Mmemfuta!"

"Mama, sikujua. Ningeyaona hayo maneno, ningegusa vipi?"

Mwenyekiti aliomba kijana wa watu asisakamwe. Mwangalizi aliuliza kama huyu yuko hapa kama fundi au kama mkwe. Mwenyekiti alihamia ajenda inayofuata.

KUMB. NA. 4/14: NAKALA YA MKONO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kikao kilichopita kilimwagiza Katibu kunakili faili lote daftarini. Daftari lilifunguliwa. Takwimu zote zilikuwemo, kwa mwandiko mzuri. Maelezo hayakuwemo hata moja. Katibu alieleza kwamba aliyaona, akayaruka, akidhani ni porojo za marehemu Fundi. Katibu ameona aibu na ameomba iandikwe hivyo.

KUMB. NA. 5/14: MAAZIMIO
Joto lirudishwe 38.5, lilirudishwa saa 9:47. Programu iondolewe mpaka Fundi apate maktaba inayotunza maelezo. Maelezo yaandikwe upya. Yalikuwa kama mistari thelathini. Mwangalizi alikumbuka huo mmoja tu. Aliutamka polepole, Katibu akaandika neno kwa neno: "Kipimajoto hiki kinadanganya kwa nyuzi moja. Usikiamini, mwamini mke wangu."

KUMB. NA. 6/14: KUFUNGA
Mwangalizi alichukua mayai kumi, akayaweka sikioni moja baada ya jingine. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba vifaranga vilisikika. Katibu ameandika alivyoambiwa na Mwangalizi: vilisikika katika mayai matatu.

Kikao kilifungwa saa 10:20. Hakuna aliyeondoka.

................ Mwenyekiti
................ Katibu