Mabati ya Kanisa la Ndalu

Kitale,
Jumatatu, mvua imetulia.

Kwa kaka yangu mpendwa Sifuna,

Mulembe. Natumai barua hii inakukuta na nguvu zako zote, maana utazihitaji kuufikia mwisho wake. Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu Phelista aliniambia kwamba huko ofisini Bungoma mmeletewa viti vya kuzunguka, na kwamba tangu upewe chako mgongo umepona ila sasa unasikia kizunguzungu. Pole sana. Mayi, mama yetu, naye hajambo? Mwambie dawa ya mguu nimeipata na nitaituma. Mimi ni mzima, ila mikono imejaa malengelenge. Sababu utaikuta huko mbele.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa karatasi na simu ninayo. Kaka, kwa simu wewe unanijibu kabla sijakuuliza. Karatasi haikatizwi.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza kwanza kama dada yako, kisha nikausikiliza tena kama mtu wa kazi yangu. Nimeelewa kwamba umempata fundi, kwamba Jumamosi utakuja naye kupima ploti ya huku Kitale aliyoniachia Baba, na kwamba mtajenga nyumba za kupangisha, safu mbili zikitazamana, bomba la maji katikati. Umesema Baba alinipa ile ploti niishike, si nichezee. Umesema umri unaenda, mume sina, mshahara sina, nina spika tu. Na kwamba nikikataa, familia itakaa kikao. Nimesikia pia kwamba ulikohoa kabla ya kulitamka neno familia. Mtu hukohoa hivyo akiwa hajawauliza hao anaowasemea.

Basi nianze na kazi yangu, kwa sababu nasikia huko ofisini ukiulizwa unasema niko redioni. Mayi naye huwaambia akina mama wa kanisa ati mimi ni fundi wa spika. Mmenipa vyeo vizuri, na vyote si vyangu. Spika ninazo, na huzikodisha kwa harusi na matanga ili nipate unga. Lakini kazi yenyewe ni kutafuta muziki mahali ambapo watu wamezoea kuziba masikio. Nilianzia Moi's Bridge wakati wa mavuno, na simu iliyopasuka kioo, nikirekodi mashine za kupukuchua mahindi. Nyumbani nilizipunguza mwendo hadi zikaanza kulia kama watu. Mara ya kwanza kuucheza muziki huo mbele ya watu ilikuwa Nairobi, katika ukumbi mdogo uliopakana na kinyozi. Walikuja watu tisa, na wawili kati yao walikuwa wamejikinga mvua. Lakini mvua ilipokwisha, wale wawili hawakuondoka. Nimekwenda mbali kwa nguvu za wale wawili.

Baadaye niliitwa Kampala, kisha Kisumu. Nikaanza na kuandika pia. Niliandika kuhusu kengele ya shule yetu, ile rimu ya tingatinga iliyoning'inizwa kwenye mti, na jinsi ilivyolia tofauti ikipigwa na mwalimu mwenye hasira. Niliandika jinsi soko la Naitiri linavyosikika kabla ya madalali kufika, na linavyobadilika wakishafika. Watu wakasoma. Mwaka jana mchapishaji mmoja wa Nairobi akakubali kuyatoa makala hayo kuwa kitabu. Mhariri wake alitaka kujua nilisomea sauti chuo gani. Nikamwambia Ndalu, benchi la tatu, upande wa akina mama.

Alidhani natania. Wewe unajua sitanii, kwa sababu ulikuwa upande wa pili na akina baba, ukinitolea macho.

Unakumbuka Baba alivyoezeka lile kanisa? Alianza upande wa wanaume na mabati mapya, membamba, ya mchango wa waumini. Alipofika katikati mabati yakaisha na mchango ukaisha. Upande wa akina mama akaumalizia na mabati mazito ya zamani, yaliyong'olewa kwenye ghala la mlowezi mmoja aliyekwisha hama. Kamati iliona aibu, paa lina rangi mbili. Lakini ikinyesha, kaka! Upande wenu mvua ilikaangika kama bisi. Upande wetu iliunguruma chini, kama fahali anayefikiria. Na pale katikati, juu ya njia ya kupitia, sauti hizo mbili zilikutana na kutengeneza ya tatu ambayo haikutoka upande wowote. Nilikuwa namdanganya Mayi kwamba nimebanwa na haja, kumbe naenda kusimama pale. Ulinifuata pale ukanifinya sana kwa sababu hiyo.

Mhubiri naye alikuwa anabaki akifungua mdomo na kuufunga, hata amina yake haisikiki. Waumini wote waliinamisha vichwa wakingoja. Baba peke yake ndiye aliyeangalia juu. Watu walimsifu, ati Wepukhulu ni mtu wa imani, tazama macho yake yalivyoelekea mbinguni. Mimi nilimuuliza baada ya ibada alikuwa anamwomba Mungu nini. Akaniambia alikuwa anakagua misumari.

Basi ulipopewa uenyekiti wa kamati ukaleta mpango wa paa jipya na dari ya jipsamu, sikukulaumu. Mhubiri ana haki ya kusikika, hata kama si kila wiki ana la kusema. Nilikuomba tu paa la zamani liachwe hata juu ya ukumbi wa vijana. Ukaniuliza mbele ya watu kama naabudu Mungu au naabudu mabati. Lilikuwa swali zuri, nikaenda nalo nyumbani.

Ikaja ile Jumapili ya mnada. Ulinadi vizuri, nakupa heko. Ulinadi ndizi, ukanadi maboga, ukanadi jogoo, nami nikamnunua yule jogoo. Ukawaambia watu ati angalau leo Sellah amenunua kitu chenye sauti ya maana, na kanisa zima likacheka. Hata mimi nilicheka. Kisha ukayanadi mabati yangali juu ya paa, kwa sharti kwamba mnunuzi ajishushie mwenyewe. Watu wakaangalia kutu, wakaangalia viatu vyao. Mtu mmoja tu alinyoosha mkono, mgeni wa kutoka Kitale anayeitwa Waithaka, mwenye lori la kubebea mahindi. Hakubishana nawe hata kidogo.

Wiki ile alipokuja kuyashusha ulitoka Bungoma mwenyewe kumtazama, na jioni ukatuma ujumbe kwa kikundi cha familia, umejaa kicheko. Ati bana, huyu jamaa amewapandisha vijana na rangi, wanaandika namba kwa kila bati kabla ya kuling'oa, kama watoto wa shule! Ati ulimwuliza kama kila asubuhi atayaita majina. Ati unamshukuru Mungu kwamba Kitale bado kuna mjinga wa kutosha kutumalizia jipsamu. Binamu zetu walijibu kwa vicheko. Mimi nilituma kidole gumba.

Sasa kaka, kama umekalia kile kiti cha kuzunguka, kishike.

Yule mjinga wa Kitale ni mimi.

Waithaka ni jirani yangu. Nilimtuma kwa sababu ningenyoosha mkono mimi ungesema nalitia jina la marehemu aibu, na mabati ungemgawia mtu wa vyuma vikuukuu. Malipo yalitoka kwenye malipo ya kwanza ya kitabu. Kwa hiyo ile dari nyeupe unayowaonyesha wageni, sehemu yake nimeilipia mimi, na nikija kuabudu chini yake nitakaa mbele kama mfadhili.

Na mabati hayakuwekwa stoo. Yako juu. Yako kwenye ploti, juu ya nguzo za mikaratusi na kuta za mbao, kila bati mahali pake kwa namba yake, membamba upande wa wanaume, mazito upande wa akina mama, na njia katikati. Waithaka alishika ngazi, misumari nilipigilia mwenyewe. Ilikuwa misumari mipya katika matundu ya Baba. Je, ulijua kwamba katika paa lile lote hakupigilia hata msumari mmoja bondeni, pale maji yanapopita, yote iko mgongoni mwa bati? Mimi nilijua kwa kidole, tundu baada ya tundu. Yale ambayo kutu iliyala nimeyaziba kwa lami. Malengelenge ndiyo hayo.

Ni chumba cha kusikilizia. Watu watakaa kwenye mabenchi, na onyesho litaanza mvua itakapoanza. Tarehe sitatangaza kwa sababu mimi si mwenye mvua. Kiangazi nitacheza yale mengine, ya mashine na ya masoko, na nitaandika humo humo. Unaweza kuniuliza kitaniletea shilingi ngapi. Sijui. Najua tu kwamba siku Baba aliponipa ploti hii, mbele yenu nyote, wewe ukanung'unika ati msichana ataolewa aende nayo, yeye hakugombana nawe. Alisema nijenge chochote nitakachotaka, mradi kisivuje. Hilo ndilo sharti lake la pekee, na hukukohoa siku hiyo.

Kwa hiyo siuzi, sipangishi, na karatasi ya fundi sisaini. Familia ikae. Nitakuja, na nitamleta jogoo.

Alhamisi iliyopita ndiyo ilinyesha mara ya kwanza tangu tumalize. Ilianza upande wenu, ikavuka. Nilisimama katikati, pale pale uliponifinya, na ile sauti ya tatu ikaja. Nilikuwa nimetayarisha mashine ya kurekodi, nikasahau kuiwasha. Nilishtuka nimeinua uso. Waithaka alivua kofia, akidhani naomba.

Hakikuvuja.

Njoo Jumamosi kama ulivyopanga. Njoo na fundi, naye akitaka kupima apime, kamba nitamshikia. Chai itakuwepo. Lakini msichelewe njiani, maana siku hizi mvua ya Kitale huingia saa nane. Lolote mlilo nalo la kuniambia mliseme mapema. Ikishaanza hutasikika, kaka. Itabidi ukae kama tulivyokuwa tukikaa, na upande wa kukaa nitakuachia uchague mwenyewe.

Msalimie Phelista. Usimgombeze, alijua tangu Januari. Mpe Mayi mkono wangu, umwambie benchi la tatu nimemwekea mto. Wote wa nyumbani unisalimie kwa majina, kama mabati ya Waithaka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
mjinga wa Kitale,

Sellah Nabwile Wepukhulu.