Jumamosi Tano Kabla ya Shule Kufunguliwa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 7 Januari.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake je, bado unamsumbua akiinama? Na kile kikohozi chako kimeisha, au unajidai tu kimeisha? Nakujua wewe. Huku sote tu wazima. Mimi ni macho tu, siku hizi kutunga uzi kwenye sindano naomba msaada, lakini usimwambie mtu, wateja watanikimbia.

Nakuandikia kuhusu binti yako Mdogo na shule yake. Wiki iliyopita kwenye simu nilikuambia hayo mafunzo wanayowaitia watoto ni danganya toto, na kwamba dada yake, Mkubwa, anampoteza mwenzake. Ukasema kama ni hivyo nimtoe kabisa, umchukue huko akasaidie dukani, kwa sababu hutaki binti wa pili wa kukutia aibu. Najua unasubiri neno langu. Basi keti, usome mpaka mwisho, usikimbilie chini.

Shule ilituma barua mwezi wa kumi na moja. Wanafunzi wapya wote waje Jumamosi tano kabla ya kufunguliwa, waonyeshwe bweni, madarasa, ratiba, na mahali pa kuomba msaada. Eti wengi wa mwaka wa kwanza huacha shule kabla mwaka haujaisha. Hilo sikuhitaji kuambiwa, mimi ndiye ninayeshona sare za mtaa huu. Kila mwaka, mwezi wa tatu haujaisha, naletewa sketi za kupunguza kiuno ili avae mdogo mtu, na pindo bado jipya. Huwa siulizi. Nachukua vipimo, naendelea na kazi.

Lakini shule iite watoto kabla ya siku yake, tena kwa hiari yake? Machale yakanicheza. Halafu ikaja fomu ya maswali kumi na moja. Mtoto huamshwa na nani? Akikwama humwambia nani? Ni jambo gani humliza? Nikasema hawa si walimu, ni wapelelezi. Wanatafuta kasoro mapema ili wapate sababu ya kumkataa. Nikajaza "hakuna" kuanzia juu mpaka chini, hata pale palipotakiwa jina la mlezi wa pili. Mlezi wa bweni, mama mmoja anayetabasamu hata akikuambia viatu vyako vina tope, aliisoma yote, akanitazama, akatabasamu. Papo hapo nikamwita Bi Tabasamu. Mtu wa kutabasamu vile ana lake jambo.

Jumamosi ya kwanza Mdogo aliporudi nikamhoji. Mmefanya nini? Tumetembea. Mmetembea wapi? Madarasani. Yaani asubuhi nzima kengele inalia, wanahama chumba, inalia tena, wanahama tena. Nikauliza kama ni shule au ni gwaride. Akacheka, akakimbilia chumbani kwa dada yake, na mlango ukafungwa.

Na huyo dada yake ndiye aliyeninyima usingizi. Tangu Mkubwa aache shule hiyohiyo miaka mitatu iliyopita, maisha yake ni kwa dobi na nyumbani basi. Anapiga pasi nguo za watu, anarudi, anakula, haongei. Ghafla, kuanzia Jumamosi ya pili, anaomba ruhusa kwa dobi. Blauzi kaipiga pasi utadhani anakwenda kuposwa. Nikiuliza anakwenda wapi, naambiwa anamsindikiza Mdogo. Kumsindikiza kitu gani? Msichana wa miaka kumi na minne, saa tatu asubuhi, njia yenyewe moja, imenyooka! Nikiingia chumbani, kila mmoja anatazama kucha zake.

Basi, Mungu anisamehe, nikapekua. Chini ya godoro la Mkubwa nikakuta daftari. Mwandiko wake kabisa: siku ya tatu, kengele baada ya mapumziko, choo cha nyuma, lango, saa ambazo halina mtu. Kaka, nikalirudisha palepale. Nikajua huyu anamfundisha mwenzake kutoroka. Yeye kashindwa, sasa hataki mdogo wake ashinde. Ndipo nikakupigia ile simu.

Jumamosi iliyopita, ya tano na ya mwisho, niliwaacha watangulie. Nikafunika cherehani, nikajitanda khanga, nikawafuata kwa mbali. Mlinzi wa lango nikamwambia nimekuja kuchukua vipimo vya sare, na futi kamba nilikuwa nayo shingoni, akanipisha. Nikazunguka nyuma ya darasa la mwisho, penye bomba la maji, nikajibanza chini ya dirisha. Nilikuwa nimekata shauri nimfumanie, nimtoe pale kwa sikio.

Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya darasa, pale anaposimama mwalimu. Daftari mkononi, na wasichana kama arobaini wamekaa kimya wanamsikiliza. Bi Tabasamu alikuwa nyuma, na kwa mara ya kwanza hatabasamu. Kumbe shule iliwatafuta walioacha, mmoja mmoja, ikawaomba waje wawasimulie wapya ilikuwaje. Mkubwa akakubali, ila akatuficha, maana alijua tungemuuliza ana uso gani wa kusimama pale.

Aliwaambia kwamba siku yake ya tatu, kengele ya baada ya mapumziko ilipolia, alirudi chumba kilekile. Hakujua kuwa wanahama. Akakaa na darasa la wenyewe mpaka mwalimu akamuuliza yeye ni nani, wote wakaangua kicheko. Kesho yake akaogopa kukosea tena, akajificha choo cha nyuma. Keshokutwa hivyo hivyo. Wiki sita, kaka! Jambo la kuuliza kwa dakika moja, lakini kila siku iliyopita lilizidi kuwa gumu, kwa sababu sasa angeulizwa siku zote hizo alikuwa wapi.

Kisha akawaambia kuwa Jumamosi moja alikuja nyumbani kusema. Haya ni maneno yake, sikutia chumvi: "Nilifika maneno yote nimeyapanga. Shangazi alikuwa anashona. Hakuinua kichwa. Akasema, kama umefukuzwa sema, kama hujafukuzwa rudi shule. Sikuweka hata begi chini." Akarudi mpaka langoni, akashindwa kuingia. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza mtoto yule anakwenda wapi peke yake na begi. Ndiyo maana aliziandika zile saa, ili shule iweke mtu.

Hakuyasema kwa hasira. Alisema taratibu, kama unavyomwelekeza mgeni njia. Mimi huko nje nilikaa chini kwenye tope la bomba, nikalia.

Naikumbuka siku ile. Nilikuwa namaliza gauni la bibi harusi, linachukuliwa saa nane. Nikadhani amekuja kudeka. Jioni aliporudi akasema ameacha, nikakupigia nikakuambia binti yako mvivu, hana moyo wa shule. Ukaacha kusema naye. Neno lile lilitoka kinywani mwangu mimi, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja imekuwaje.

Kwa hiyo Mdogo hatoki. Jumatatu anaingia bweni, na kengele zote anazijua. Fomu nimeomba nyingine, nimeijaza kwa ukweli. Bi Tabasamu bado simwamini sana, alinipa kiti haraka mno, lakini nilikaa.

Jana Mkubwa alikuwa anampangia mwenzake sanduku. Nikasimama mlangoni nikamuuliza, siku ile ulitaka kuniambia nini? Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Shangazi, kaa basi." Nikakaa. Aliongea mpaka chai yangu ikapoa.

Sasa wewe. Miaka mitatu mtoto anakutumia salamu, nawe unajibu kwa kuuliza habari za Mdogo. Usinipe salamu zake, sitazifikisha. Mwandikie mwenyewe. Usimwambie umemsamehe, hakukosa kitu. Muulize ilikuwaje, halafu unyamaze usubiri jibu.

Nisalimie wifi, yule binamu yetu Mbishi, na shemeji fundi bomba, mwambie bomba la jikoni alilolitengeneza linavuja vilevile. Mungu awalinde katika kazi zenu na awape afya.

Dada yako akupendaye, na mwenye kosa,

Fundi.