Taulo Tumboni

Bibi, shikamoo! Vumbi la Dodoma limenibadilisha rangi, ila sijambo.

Leo nilikuwa na mtihani wa vitendo; ningeufeli, ningerudia mwaka. Mwalimu wetu wa udaktari aliweka kipande cha utumbo wa binadamu kwenye hadubini. "Unaona nini?"

Niliona vidole vidogo vidogo vimesongamana. Kwa woga nikaropoka, "Taulo!"

Akachungulia mwenyewe. "La nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikajitetea kwamba taulo hunyonya maji, na vidole vile hunyonya chakula. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

"Umefaulu. Ila mgonjwa usimwambie hivyo."

Mungu akutunzie hayo meno mawili, nikirudi Kondoa tutafune karanga.

Mjukuu wako akupendaye,
Zaina